Zamu za Nyumba ya Wagonjwa

Watu hawatoki kwenye chama kwa kishindo. Hupungua. Jumapili moja unaona benchi la nyuma lina nafasi, Jumapili nyingine mwenye kuleta kuni hakuleta, na mwezi ukiisha unajikuta unasalimiana na wale wale wazee wasio na mahali pengine pa kwenda. Mimi niliyaona hayo Kitale, miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, nilipokuwa katibu wa chama chetu watu wa Bungoma. Kwa kila dalili nilikuwa na jibu tayari: watu wamekuwa wachoyo, na mchoyo dawa yake ni sheria.

Siku hizi vijana wa kanisani hunijia kuniuliza tulifanya nini enzi zetu watu walipoacha kuchanga na kujitolea. Nadhani wanatarajia niwape shauri. Nilichonacho ni habari ya mzee mmoja aliyetaka kurudi kwao Misikhu, na ya watu niliowafukuza nikidhani ninawakusanya.

Nyumba ya wagonjwa ya chama chetu ilikuwa ya udongo, ya vyumba viwili na paa la mabati yaliyookotwa hapa na pale, nyuma ya soko la lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika. Ilijengwa na waliotutangulia. Wakati huo watu wetu wengi walifanya kazi kwenye mashamba ya wazungu kuzunguka mji, na mtu akiugua akashindwa kuinua jembe, bwana shamba hakuwa na haja naye tena. Hospitali ikishampa dawa na kumtoa, angelala wapi? Kwao ni mbali na miguu haina nguvu. Ndiyo sababu ya nyumba ile. Mgonjwa alilala pale, akapikiwa, akaoshwa, na akipata nafuu akasafirishwa nyumbani. Asipopata nafuu tulijitahidi afike nyumbani kabla hajafa, kwa sababu hakuna mtu wetu aliyependa kulala milele kwenye ardhi ya setla.

Hakuna aliyelipwa. Wanaume walichanga, wakileta debe la mahindi wakati wa mavuno, kuni, mafuta ya taa. Zamu za kuuguza zilikwenda kwa rika. Wanaume waliotahiriwa msimu mmoja, ambao sisi tunawaita bakoki, walimtunza mwenzao wa rika, na wake zao wakapika. Mtu na mkoki wake hawaoneani haya. Wanatukanana, wanacheka, mmoja anamvua mwenziwe nguo na kumwosha huku akimwambia ananuka kama beberu. Halafu kwa desturi yetu huwezi kumwoa binti wa mkoki wako, kwa hiyo mkoki hawezi kuwa baba mkwe wako hata siku moja. Jambo hilo nililijua tangu utoto. Sikulifikiria.

Taabu ilianza mashamba yalipoleta matrekta na kupunguza watu. Wengi wa chama walihama, wengine wakabaki mjini na mshahara uleule na karo ya shule juu yake. Michango ikalegea. Zamu nazo zikapata pengo, hasa za wazee, maana bakoki wao walikuwa wamekufa au wamerudi nyumbani. Kijana akivunjika mguu chumba kilijaa wenziwe mpaka tunawafukuza. Mzee akilazwa, hakuna mtu.

Mimi nilikuwa nimesoma sekondari kwa wamisheni, si mpaka mwisho, lakini kiasi cha kujiona. Nilikuwa karani kwenye ghala la mahindi karibu na stesheni. Nikaona dosari ya mpango ule wa rika mara moja, na kwa kweli dosari ilikuwepo. Jumapili moja nikasimama mbele ya mkutano nikasema kuanzia sasa zamu zitakwenda kwa makao: juma hili watu wa landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, juma lijalo watu wa kinu cha posho, lile jingine watu wa nyuma ya soko, kila nyumba na siku yake, mgonjwa awe nani awe nani.

Bibi mmoja mnene aliyekuwa akiuza maziwa akauliza, "Na kama mgonjwa ni mkwe wako, mwanangu?"

"Mama, hapa Kitale hakuna mkwe," nikamjibu. "Kuna mgonjwa na mwuguzi."

Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani wamekubali.

Lazima niseme jambo moja hapa. Mwaka huohuo mama mkwe wangu alikuja Kitale kumwona mjukuu. Nilipomwona kwa mbali anatoka stesheni na kikapu chake, nilizunguka nyuma ya maduka ya Wahindi, nikapita kwenye matope ya machinjioni, nikalala kwa rafiki mpaka alipoondoka. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala mwanamke hamkaribii baba mkwe wake akiwa amelala, wala hamgusi, wala hapokezani naye chombo mkono kwa mkono. Mimi msomi niliishika desturi ile kwa miguu yangu yote miwili, na nikaenda mkutanoni kuwaambia wengine waiache.

Baada ya hapo watu walizidi kupungua. Hakuna aliyenieleza sababu, kwa kuwa mambo ya ukwe si ya kusimama nayo mkutanoni. Mmoja alisema mtoto anaumwa, mwingine ati amebadilishiwa kazi, mwingine hakusema kitu. Nikaanza kutaja mbele ya mkutano majina ya wasiotimiza zamu. Jumapili ya kwanza walikuja wengi kusikiliza. Jumapili zilizofuata walikuja wachache, na nikawataja wasiokuja.

Ndipo aliletwa yule mzee. Maisha yake yote alikuwa mwendesha maksai kwenye shamba moja upande wa Ndalu, analima kwa jozi za ng'ombe kabla matrekta hayajafika. Kifua kilikuwa kimemwisha. Alikuwa mrefu, na kitanda chetu kilikuwa kifupi, kwa hiyo miguu yake ilikaa juu ya debe lililopinduliwa. Jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa kwamba hakuja kukaa.

"Mimi napita tu, karani. Nipeni nguvu kidogo, mnipandishe kwenye gari lolote linaloteremka, mnitupe Misikhu. Kutoka hapo hata nikitambaa nafika."

Zamu ya juma lile ilikuwa ya watu wa kinu cha posho. Siku ya tatu au ya nne nilipita jioni kutoka kazini nikakuta bakuli la uji limewekwa ndani kidogo ya mlango, limefunikwa kwa sahani, limejaa, limepoa na kufanya ngozi. Mzee alikuwa kitandani, midomo imekauka. Hakuwa na nguvu ya kulifikia.

"Hakuna aliyekulisha?"

"Uji uliletwa," akasema. "Umepikwa vizuri. Nilikuwa nasikia harufu yake."

"Aliyeuleta hakuingia?"

Mzee akageuza uso ukutani. "Mwache mtoto wa watu."

Nilijua ilikuwa zamu ya nyumba gani. Mume alikuwa taniboi, yaani utingo, kwenye lori la Kalasinga mmoja mwenye duka, na siku hiyo alikuwa safarini, kwa hiyo zamu ilimwangukia mkewe. Nilijua pia kwamba yule taniboi alikuwa mtoto wa ndugu wa mzee, na kwetu huyo ni mwana, na mkewe ni mke wa mwana. Nilijua yote. Nilimlisha mzee uji ule baada ya kuupasha moto, na kila kijiko kilinizidishia hasira.

Jumapili nikasimama. "Juma hili mgonjwa amekaa siku nzima na njaa, na chakula kipo mlangoni. Zamu ilikuwa ya nani?"

Taniboi akainuka polepole. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na sauti ndogo. "Ilikuwa ya kwangu, karani."

"Mke wako alikuwa wapi?"

"Alipika. Akapeleka."

"Akaacha mlangoni kama mtu anayelisha mbwa."

Mkewe alikuwa ameketi kati ya wanawake, ana mtoto mgongoni. Hakuinua uso. Nakumbuka alianza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa akilia.

"Wewe umesoma, karani," taniboi akasema. "Nieleze tu nielewe. Unataka mke wangu aingie, amwinue baba yangu kitandani, amshike shingo, amlishe?"

"Ndiyo. Ndivyo ninavyotaka."

Akachukua kofia yake. Mkewe akainuka. Kisha yule bibi wa maziwa akainuka, na watu wa kinu cha posho, na wapakiaji wa malori wote, ambao ndio waliokuwa wakituletea kuni na kutupandishia wagonjwa bure kwenye malori. Hakuna aliyenitukana. Mwenyekiti wetu, mzee mpole aliyekuwa mpishi kwa mzungu mmoja, alinitazama akasema, "Basi tufunge kwa sala," na tulikuwa tumebaki wachache kiasi kwamba sauti zetu zilisikika moja moja.

Juma lililofuata hakuna aliyekuja kupika. Nilimuuguza mzee mimi mwenyewe asubuhi na jioni, mwenyekiti akija anapopewa ruhusa. Sikuwa hodari. Nilipomwinua alilalamika.

"Karani, umefukuza watu wote, sasa unaniinua na hiyo mikono ya kalamu. Nikianguka utaniandika?"

Nilijaribu kucheka. Kifua chake kilikuwa kikikoroma kama maji kwenye chupa. Alipomaliza kukohoa akasema kwa sauti nyingine, "Usinizike hapa. Nimeilima ardhi ya hawa watu vya kutosha. Wasinipate na mimi."

Mgonjwa kama huyo zamani tungempeleka kwao ndani ya juma moja. Wapakiaji wangezungumza na dereva, bakoki wangemsindikiza, kila mtu angetoa alichonacho. Sasa sanduku la chama lilikuwa halina kitu, mimi mshahara nilikuwa nimeupeleka nyumbani, na kila mlango niliobisha niliambiwa kwa adabu kwamba mwenye nyumba hayupo, wakati mwingine na mwenye nyumba mwenyewe. Nilimwendea mlinzi mmoja mzee wa ghala la ngozi la Mhindi, mkoki wa pekee wa mzee aliyekuwa amebaki mjini. Nilikuwa sijamwomba zamu hata mara moja, kwa kuwa hakukaa kwenye makao yoyote ya mpango wangu. Alilala palepale ghalani.

"Yupo hapa?" akashangaa. "Tangu lini? Mbona hamkuniambia?"

Aliomba ruhusa, akaja na sabuni yake. Akasimama mlangoni akiwa ameshika kiuno.

"Ati bado hujafa? Nimemwomba Mhindi ruhusa bure."

"Ingia uone," mzee akasema. "Wewe ndiye uliyelia siku ya kisu, mimi sikulia. Siwezi kufa mbele yako."

"Nani alilia? Karani, huyu alijikojolea. Uliza watu."

Walitukanana hivyo muda wote alipokuwa akimwosha. Akamwosha mahali ambapo mimi niliona haya kumgusa, akamnyoa, akamgeuza kitandani kana kwamba anageuza gunia lake mwenyewe. Nilitoka nje nikakaa juu ya kigogo cha kuni. Mzee alikuwa amecheka kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Mpango wangu haukuwa na nafasi ya kitu kama kile, na mimi ndiye niliyeutunga.

Mlinzi alipotoka akaniambia, "Ana siku chache. Kama ni Misikhu, iwe sasa. Mwenye kufanya kazi kwenye lori ni yule kijana uliyemkosea. Nenda."

Nilimkuta uwanjani kwa Kalasinga, juu ya magunia, anavuta turubai. Wenziwe walikuwa chini wanakunja kamba.

"Huyo, karani wa wagonjwa," akasema bila kuacha kazi. "Umekuja kututaja majina hata huku?"

Wenziwe wakacheka. Nikamwomba ateremke tuzungumze pembeni.

"Semea hapohapo. Wewe ulinisema mbele ya watu. Na hawa si watu?"

Nikasema pale, nikitazama juu, jua machoni. Nikasema mzee anataka kupelekwa nyumbani na chama hakina uwezo. Nikasema nilimkosea.

"Ulimkosea nani?"

"Wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Na mama watoto."

"Ulisema analisha mbwa."

"Nilisema. Nilikosa."

Akafunga kamba, akairusha upande wa pili, akateremka. Alinuka mafuta ya taa. "Kesho kutwa tunapeleka chumvi na mafuta Bungoma. Nitazungumza na mwenye lori, tupite Misikhu. Nitambeba kwa sababu ni baba. Hicho chama chako, bana, baki nacho."

Tulimlaza juu ya magunia ya chumvi, kwenye godoro la nyasi, mlinzi akimshikilia upande mmoja na mimi upande mwingine. Barabara ilikuwa na matope, na mara mbili ilitubidi tushuke tusukume. Tulipopita Ndalu mzee aliomba ainuliwe. Alitazama shamba lililolimwa na trekta, mistari mirefu iliyonyooka, akatazama mpaka lilipopita. "Wanalima ovyo," akasema, akalala tena.

Misikhu walikuwa wamekwisha kupata habari. Vijana walimpokea kwa machela ya miti, wanawake wakaimba kwa sauti ya chini. Alipofikishwa uani mwao alinyoosha mkono akagusa ukuta wa nyumba yake, halafu akafumba macho, na nilidhani amekufa, lakini alikuwa amelala tu. Alikufa siku chache baadaye, kitandani pake, kama alivyotaka. Hilo nashukuru.

Lakini siku ile ya kufika, kabla hatujaondoka, kaka yake mkubwa alisimama mbele ya watu wote uani. Alikuwa mzee sana, anaegemea fimbo.

"Tumesikia huko Kitale mna nyumba," akasema. "Ndugu yetu hakuwa na mke wala mtoto wa kumzaa kule. Amerudi amenyolewa, nguo zake zinanukia sabuni. Waliofanya hivi ni watu. Karani, sisi hatuna kitu. Chukua kuku huyu uwapelekee akina mama waliompikia."

Nikaona taniboi amesimama kando ya lori, mikono nyuma, ananitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alikuwa anangoja. Ulikuwa wakati mwepesi kuliko ule wa uwanjani kwa Kalasinga. Ningesema tu kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyempikia, naye ni mke wa mwanao huyu hapa, ni mkwe wenu, na alipika akaheshimu, nami nikamtukana kwa sababu hiyo. Watu wa pale wangeelewa kila neno. Mkwe wao angepata sifa yake mbele ya ukoo mzima.

Nikasema, "Kwa niaba ya chama, tunashukuru." Nikampokea kuku.

Tulipokuwa tunateremka kwenda Bungoma taniboi alikuwa akimtazama yule kuku mapajani pangu. Kisha akauliza, "Huyo kuku utampa nani?"

"Akina mama."

"Wepi?"

Nikaifunga upya kamba ya miguu ya kuku. Mlinzi mzee aliyekuwa kati yetu alijifanya amesinzia.

Tuliporudi Kitale nilimpeleka kuku kwa yule mama. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akauliza kama baba alifika, kama alikula njiani. Nikamwambia kuku ametoka kwao Misikhu. "Walisema ni wa kwangu?" akauliza. Nikasema walisema ni wa waliompikia. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wapelekee wote." Akarudi kwenye mafiga yake.

Baadaye nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilizunguka nyumba hadi nyumba bila karatasi, nikauliza. Nikasikia sababu ndogo ndogo, karibu zote za kutatulika kwa kubadilishana: huyu angeweza kumpikia fulani lakini si fulani, yule hana mahindi mwaka huu lakini ana mikono, mwingine angeleta kuni kama hangesomwa mkutanoni kwa kukosa mafuta. Bibi wa maziwa na wenziwe wakapanga zamu upya wao wenyewe, bila mimi, kwa rika pale rika lilipokuwepo na kwa makubaliano pale lilipokosekana. Mke wa taniboi alirudi kupika. Mimi waliniachia kazi ya kuni. Nilizipasua kwa muda wote nilioishi Kitale.

Lakini wapakiaji hawakurudi, na bila malori wagonjwa wengine hawakufika kwao. Tuliwazika palepale, kwenye makaburi ya mji, kila mmoja na watu wake wachache. Yule taniboi tulikutana mara nyingi stesheni. Alinisalimia kila mara kwa heshima, "Karani, habari ya kazi," akapita. Nyumba ilidumu miaka kadhaa, ikawa ya chumba kimoja, halafu mabati yakachoka na hakuna aliyeleta mengine.

Kule Misikhu wajukuu wa yule kaka mkubwa bado wanaambiwa kwamba palikuwa na karani mmoja Kitale aliyemtunza ndugu yao mpaka akamrudisha. Mwaka jana mmoja wao alinisimamisha sokoni Kibabii akanishika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na nafasi yote ya kumsimamisha nimweleze ni nani aliyepika. Nilimuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri, akaenda.